Kina cha Mwenyewe

Olinga alifika kwa mamake siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa bodaboda. Adeke alikuwa uani anapepeta wimbi. Aliisikia pikipiki ikikata kona lakini hakuinua kichwa, kwa sababu pikipiki zote zilizokata kona ile zilikuwa zinateremka mtoni kwenye mchanga. Hakuna iliyokuwa inakuja kwake. Hii ilizimwa. Alipotazama, mwanawe alikuwa amesimama kando ya jikoni na mkate kwapani, kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita. Wala Malaba mjini si mbali. Ukisimama mwinukoni nyuma ya nyumba ya Adeke unaona mabati ya maghala ya mpakani na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Lakini Olinga alikuwa na tipa zake mbili za mchanga, na vyumba vya kupangisha alivyokuwa anajenga nyuma ya stendi, na kila alipopigiwa simu alisema atakuja wiki ijayo. Adeke alikuwa ameacha kumuuliza ni wiki gani.

Alichinja kuku. Olinga alikula ameketi kwenye kigoda cha marehemu babake, na Adeke akajishughulisha na sufuria asije akaonekana anamwangalia mtoto kupita kiasi.

"Umesikia mambo ya Okurut," Olinga alisema mwishowe.

"Nilienda mazishi."

"Sikukuona, mama."

"Mimi nilikuona. Ulikuja na gari ya jeneza ukaondoka nayo."

Olinga alinawa mikono polepole. Okurut alikuwa mmoja wa wachimbaji wake, kijana wa miaka ishirini na tisa, na ukingo wa mchanga ulikuwa umemwangukia akiwa chini ya shimo. Walimtoa baada ya nusu saa. Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita.

"Vijana wamekataa kushuka," Olinga alisema. "Tangu siku ile. Mabeleshi yamelala, tipa zimesimama. Nikiwauliza wananiambia Okurut hakuangukiwa, alichukuliwa." Akatazama sahani yake. "Wanasema ni Mwenyewe."

Adeke alikaa chini. Jina hilo hakuwa amelisikia katika mdomo wa mtu mwingine kwa miaka mingi, na kulisikia katika mdomo wa mwanawe kulimfanya atazame pembeni, mbali na uso wake.

Zamani, mahali ambapo Mto Malaba unapinda chini ya shamba lao palikuwa na kina. Maji yalifika hapo yakipiga kelele kwenye mawe, kisha yakanyamaza, yakawa meusi na baridi, yamezungukwa na matete marefu kuliko mtu. Watu hawakulitaja jina la aliyekaa mle. Walisema Mwenyewe, basi. Wengine walisema ni mwanamke, wengine ni nyoka mwenye shingo nyeupe, na mamamkwe wa Adeke, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, alisema hajali ni nini mradi watu wamheshimu. Ilikuwa marufuku kuchota maji pale kwa sufuria yenye masizi. Matete hayakukatwa mvua ya kwanza iliponyesha, wakati samaki wanapanda kutaga. Saa sita mchana hakuna aliyekwenda, kwa sababu hiyo ndiyo saa Mwenyewe anapolala. Na bibi arusi yeyote aliyeolewa upande ule wa mto alipelekwa kinani, akatajwa jina lake mara tatu, unga wa wimbi ukamwagwa majini, ili Mwenyewe amjue na asimshtue siku akija kuchota peke yake.

Adeke naye alipelekwa hivyo, akiwa na miaka kumi na minane. Aliutazama unga ukielea, na kisha maji yalijikunja na kuusogeza unga juu, kinyume na mkondo, hadi ukagusa vidole vya miguu yake. Mamamkwe alicheka, akasema amependwa. Tangu hapo kazi ya kuwataja mabibi arusi ikawa yake, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na nyumba upande ule ambayo hakuingia, wala mwanamke ambaye hakumshika mkono kumteremsha mtoni.

Halafu kisima cha pampu kikachimbwa karibu na shule. Kilikuwa kitu kizuri, Adeke mwenyewe alikuwa kwenye kamati. Lakini mwanamke asiyeteka maji mtoni hana haja ya kutambulishwa mtoni. Mabibi arusi wakawa wanaletwa na magari na kupigwa picha kanisani. Nyavu za macho madogo zikaja, kisha sabuni ya kuoshea pikipiki, kisha mahindi yakalimwa hadi kwenye ukingo na matete yakakatwa. Mwisho kabisa likaja beleshi. Mji ulikuwa unajengwa, na hakuna mchanga uliokuwa safi kama ule wa kinani. Aliyeleta tipa ya kwanza alikuwa Olinga. Adeke alipomwambia kwamba mahali pale pana mwenyewe, alimjibu bila ubaya kwamba hati ya shamba ina jina la baba.

Sasa mwanawe huyo huyo alikuwa anasema, "Ni maneno mawili tu, mama. Vile mlikuwa mnafanya na marehemu nyanya. Mimi nitaleta mbuzi mweupe, unga, kila kitu. Wewe umwombe tu."

"Nimwombe nini?"

"Ruhusa. Umwambie hatuna ubaya. Atuachie tufanye kazi."

"Wewe unaamini?"

Olinga alifikicha macho. Alionekana kachoka, na kuzeeka kidogo kwenye paji la uso, kama babake alivyokuwa mwaka ule ng'ombe walipokufa. "Vijana wanaamini," alisema. "Na wewe."

Adeke alikubali. Mtu angemuuliza kwa nini, angejibu ni kwa ajili ya roho ya Okurut. Ukweli ni kwamba kigoda kile kilikuwa na mtu, na alitaka kiendelee kuwa naye.

Sherehe ilipangwa Jumamosi, na kuanzia Alhamisi nyumba ya Adeke haikuwa yake tena. Wanawake walikuja na vyungu kutengeneza pombe ya wimbi, wakachambua majani ya kunde, wakafagia uwanja hadi nyuma ya choo. Bibi wawili wa rika lake, ambao kwa miaka walikuwa wakipungiana naye mkono tu baada ya misa, walikaa barazani wakijikumbusha wimbo wa kuteremkia mtoni, wakibishana juu ya maneno ya ubeti wa pili. "Adeke, wewe ndiye unayejua, tuambie." Adeke aliwaambia. Binti mmoja aliyekuja kumenya vitunguu alimuuliza kama ni kweli alishawahi kumwona, na alipoanza kuhadithia juu ya unga uliopanda kinyume na mkondo, visu vyote vilisimama. Olinga alikuja siku zote mbili. Alipanda juu ya paa akagongelea bati lililokuwa likipiga kelele kila upepo ulipovuma. Adeke alisimama chini akimshikia ngazi, na alijiona ni mtu mwenye bahati.

Desturi ilitaka familia iliyofiwa itoe kitu cha marehemu kiende mtoni. Ijumaa mchana Adeke alikwenda mwenyewe kwa mjane wa Okurut. Aliitwa Alinga, alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, na alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia.

"Unasafiri?"

"Narudi kwetu Kocholia, mama. Baada ya kesho."

Adeke aliieleza haja yake. Alinga akaingia ndani, akatoka na shati la bluu lililokunjwa vizuri. Hakulitoa mkononi.

"Nikuulize kitu, mama, kama hautakasirika."

"Uliza."

"Mwenyewe anaweza kupasua mchanga siku moja, halafu achukue mtu siku ya pili? Ama akitaka mtu anamchukua tu mara moja?"

Adeke hakuelewa. Alinga akamweleza, bila kupandisha sauti, akimpigapiga mtoto mgongoni. Siku moja kabla ya kifo chake Okurut alikuwa amerudi akisema kwamba juu ya shimo, upande wa mahindi, ardhi imepasuka. Ufa unameza mkono hadi kwenye kiwiko. Chini yake walikuwa wamechimba ndani kwa ndani kama pango. Akampigia Olinga simu palepale jikoni.

"Aliambiwa nini?"

"Wamalize tipa mbili za mteja mmoja, halafu keshokutwa watahamia ng'ambo."

"Ulisikia wewe, ama alikuambia?"

"Nilisikia. Simu yake ilikuwa imeharibika pa kusikizia, ilikuwa inaongea kwa spika tu." "Baada ya mazishi Olinga alikuja hapa na wazee wawili. Walinipa pole. Wakasema haya ni mambo ya maji, na mambo ya maji hayana mtu wa kuulizwa."

Kisha akampa shati.

Adeke alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni, ambayo hakuwa na sababu ya kuipita. Alisimama juu ya shimo. Ukingo ulioanguka ulikuwa bado umelala jinsi ulivyoanguka, na mizizi ya mahindi ilining'inia hewani. Chini palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yasiyofika magotini. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kulikuwa na inzi, na mbali huko lori lilikuwa linapiga honi mpakani.

Alijua tangu zamani. Alikuwa akija hapa kila wiki na kumwaga unga kidogo, na kila wiki unga ulikwenda na mkondo kama takataka nyingine yoyote, na alikuwa hajamwambia mtu. Nani angemwambia?

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wameanza kukusanyika, alimwita Olinga nyuma ya jikoni.

"Okurut alikupigia simu kuhusu ule ufa?"

Olinga alikuwa amevaa shati jeupe. Aligeuka kuangalia kama kuna mtu karibu. "Mama, leo si siku ya hayo."

"Alikupigia?"

"Watu wengi wananipigia."

"Olinga."

"Ningejua ukingo utaanguka ningewaacha pale?" alisema. "Nilidhani utashika siku mbili. Siku mbili tu. Kila mtu amekubali ni mambo ya maji, hata watu wa Okurut wamekubali. Wewe unataka kufukua nini?"

Adeke alitamani amshike kichwa kama alivyokuwa akimshika alipokuwa na homa. Lakini bibi wale wawili walikuwa wameshaanza wimbo, na mtu akaja kuwaita.

Waliteremka zaidi ya watu mia moja. Wachimbaji walitangulia, vifua wazi, na mbuzi mweupe akaburutwa nyuma yao. Alinga alisimama kando, amefunga leso nyeusi. Adeke alipewa ungo wa unga na shati la bluu, na watu wakanyamaza, wakamngoja. Hakuwa amengojwa na watu wengi hivyo tangu ujana wake. Alijua maneno yote ambayo yangewafurahisha. Yalikuwa tayari ulimini. Akiyasema, jioni hii nyumba yake itajaa, na wiki ijayo wataitana kumletea mabibi arusi, na Olinga atakuja Jumapili kula kuku.

Aliuweka ungo chini.

"Nitasema kitu kifupi," alianza. "Mwenyewe hayupo hapa."

Akaonyesha shimo kwa mkono.

"Hapa palikuwa na maji ya kuzamisha nyumba. Yeye alikaa mle. Leo angekaa wapi? Hata kambare hawezi kujificha kwenye hayo maji. Ana miaka tisa tangu aondoke, na mimi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nikisema ameondoka mimi nabaki nani? Lakini hamwezi kumfukuza mtu nyumbani kwake, halafu akifa mtu mseme ni yeye aliyeua. Hakuna kitu cha kuomba ruhusa hapa. Okurut aliangukiwa na ukingo uliochimbwa chini ukaachwa bila kitu cha kuushika. Ufa ulionekana siku moja kabla. Mtu aliambiwa." Aligeuka akamtazama Olinga. "Aliyeambiwa ni mtoto wangu. Mambo haya yana mtu wa kuulizwa."

Alimrudishia Alinga shati la mumewe mkononi. Kisha akauokota ungo, kwa sababu ulikuwa ungo wake, akapanda mlima.

Nyuma yake alisikia sauti zikipanda. Mchimbaji mmoja alikuwa anamuuliza Olinga jambo, tena na tena, maneno yale yale. Bibi mmoja alisema Adeke amewaletea laana. Alipofika nyumbani alikuta chakula kimepikwa cha watu mia moja. Waliokuja kula hawakufika kumi, na walikula wakiwa wamesimama. Kufikia saa kumi na moja wanawake walikuwa wamekuja kuchukua vyungu vyao, mmoja mmoja, wakisema tu, "Hiki ni changu."

Olinga hakupita nyumbani.

Kilichofuata si kikubwa. Shimo lile liliachwa. Wachimbaji wengine waliacha kazi wakaenda kubeba mizigo mpakani, na wengine, baada ya mwezi, walipata mwenye tipa mwingine wakaanza kuchimba juu zaidi ya mto, na nasikia safari hii waliita mhubiri awaombee kwanza. Wazee wawili walikwenda kwa naibu wa chifu kuhusu Okurut. Kuliandikwa kitu kwenye karatasi. Alinga alirudi kwao Kocholia na mtoto wake na gunia la vyombo. Kwenye kisima cha pampu wanawake walimwachia Adeke nafasi kwenye foleni, wala hawakumtukana, ila mazungumzo yalipungua alipofika, na yalianza tena alipokuwa ametwika mtungi wake na kwenda zake. Alipiga simu ya Olinga kila Jumapili baada ya misa. Iliita mpaka ikakatika.

Mvua za masika ziliponyesha, mto ulipanda ukajaza shimo. Kwa macho pakawa kama zamani, maji meusi yaliyotulia. Adeke alikwenda akatazama. Mama mmoja alikuwa anawafukuza watoto wake pale, akiwaambia wasikaribie, Mwenyewe atawavuta miguu. Alipomwona Adeke aliona haya, akanyamaza.

"Endelea kuwaambia," Adeke alisema. "Ukingo huu ni mbovu. Waambie chochote, mradi wasikaribie."

Lakini yeye mwenyewe hakumwaga unga. Alijua maji ya shimo.

Mwezi wa tano, siku ambayo jua lilitoka vizuri, alifunga viazi vitamu kwenye kitambaa, akafunga mlango, akaanza kuufuata mto kwenda juu. Hakumwambia mtu, na hakukuwa na wa kumwambia. Alipita mashimo mapya ya mchanga, ambako vijana walinyamaza mpaka akapita. Alipita mashamba ya mahindi yaliyoingia majini, na daraja la magogo, na mahali watu walipokuwa wanafyatua matofali. Mchana alifika sehemu ambayo hakuwahi kufika maishani. Mto ulikuwa mwembamba, na kwenye kona moja palikuwa na matete, si mengi, upana wa chumba kimoja hivi. Mzee mmoja alikuwa ametumbukiza paipu ya pampu upande wa chini, anamwagilia nyanya.

"Karibu, mama," mzee alisema. "Unatafuta nani?"

Adeke alifikiria. "Namtafuta mtu aliyehama kutoka kwetu. Nilidhani pengine alipitia huku."

"Mwanamke?"

"Wengine wanasema hivyo."

Mzee alijaribu kukumbuka kwa bidii, kama watu wa zamani wanavyokumbuka wageni. Alisema hakumwona, lakini siku hizi watu wanapita wengi, na yeye anashinda na pampu inapiga kelele, hawezi kusikia mtu akipita. Alimpa nyanya nne.

Adeke alikaa kando ya matete, akavua viatu, akatia miguu majini. Yalikuwa baridi. Pampu ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hakuna alichosikia. Alikula kiazi kimoja, akajitaja jina lake mara tatu kwa sauti ya chini, kwa kuwa pale hapakuwa na mtu anayemjua wa kumtaja. Kisha akavaa viatu, akarudi, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Uganda.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika. Uani, kwenye tope, kulikuwa na alama za tairi ya pikipiki, na jirani yake, Bi Petronilla, alikuwa anamngoja kwenye ua.

"Olinga alikuwa hapa. Alikaa kama saa nzima, akaona huji."

"Simu yangu niliiacha ndani," Adeke alisema. "Alisema nini?"

"Hakusema alichotaka. Alikuwa na matope mpaka magotini. Nilimuuliza anatoka wapi na mvua hizi, akasema ametoka Kocholia."

Adeke alishika nguzo ya ua. Alitaka kuuliza alikuwa na uso gani, kama alikula, kama alikwenda na wazee au peke yake, na huko Kocholia kwa kina Alinga walimpokeaje. Petronilla hangejua.

"Alisema atarudi?"

"Hilo hakusema, mama Olinga."

Petronilla alimtakia jioni njema, akaenda kwake. Adeke alifungua mlango, akaziweka nyanya mezani, akachukua simu. Aliipiga ile namba. Iliita kwa muda mrefu, naye akasimama katikati ya chumba, mkono mmoja kwenye meza, akiisikiliza inavyoita.